Kutunza Shimesikio la Mtoto Nyumbani

Somo letu la mwezi huu lawahusu wazazi ambao mtoto wao amepewa shimesikio, yaani kifaa kidogo kivaliwacho sikioni ili kukuza sauti. Lawahusu pia walimu na majirani, maana mtoto hulelewa na wengi.

Tumfikirie mtoto wa hapa Kawe, akaaye kando ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani. Mama yake apaza sauti: “Usivuke!” Lakini shimesikio limedhoofika, na sauti ya s, iliyo nyembamba, haimfikii. Yeye asikia kana kwamba ameambiwa, “Uvuke,” naye avuka. Watu husema, “Mtoto huyu ni mkaidi.” Je, ukaidi uko wapi hapo? Mtoto mdogo hajui kusema, “Kifaa changu kimeharibika.” Yeye hudhani kwamba ndivyo dunia ilivyo. Kwa hiyo mzazi na akipime kifaa kila asubuhi, kabla ya kumvika mtoto.

Kwanza, tazama kwa macho. Angalia kama mrija umepasuka au una matone ya maji, na kama nta ya sikio imeziba tundu.

Pili, pima betri. Betri nyingi za shimesikio hufanya kazi kwa kuvuta hewa. Ukibandua karatasi yake, ngoja kama dakika moja ndipo uitie. Na kuibandika tena hakuirudishii nguvu. Betri zote ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali mara moja, maana huweza kuunguza koo.

Tatu, sikiliza mwenyewe. Kama mtaalamu amekupa mpira wa kusikilizia, uunge na kifaa, useme maneno machache. Sauti ikikwaruza au ikikatika, kifaa kina kasoro.

Nne, mvike mtoto, kisha umpime. Mwalimu Daniel Ling, aliyefanya kazi nchini Kanada, alifundisha kutumia sauti chache: a, u, i, m, sh, s. Nyingine ni nzito, nyingine nyembamba, nazo kwa pamoja huwakilisha sauti za usemi wa watu. Simama nyuma ya mtoto ili asiusome mdomo wako. Tamka sauti moja moja, bila kufuata mpango na bila kupaza sauti. Kila asikiapo, atie harage bakulini. Asikie jana, leo asisikie: hiyo ni dalili ya kutafuta kasoro, wala si sababu ya kumgombeza.

Shimesikio likipiga mluzi, usikimbilie kulipunguza sauti. Huenda kipande cha sikioni hakikukaa vema, au sikio lina nta, au mtoto amekua na kipande kimekuwa kidogo. Hapo mpeleke kwa wataalamu wa masikio, kama wale wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Usichokonoe sikio kwa kijiti.

Sisi tukaao pwani tuna adui mwingine, nao ni unyevu. Hewa ya bahari ina chumvi, na jasho la mtoto achezaye ni jingi. Jioni pangusa kifaa kwa kitambaa kikavu, fungua mlango wa betri, ukilaze katika kikopo chenye dawa ya kukausha unyevu. Usikianike juani, wala usikiweke karibu na jiko. Kipande cha sikioni chaweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, lakini kwanza kitengwe na kifaa. Kisha puliza maji yatoke mrijani, na kikauke kabisa. Kifaa chenyewe kisiguswe na maji.

Tena tukumbuke kwamba shimesikio hukuza sauti, bali haliponyi sikio. Mtoto ahitaji bado kuuona uso wako unaposema naye, na kama atumia lugha ya alama, asinyimwe. Shule ya Viziwi Buguruni imekuwapo mjini Dar es Salaam tangu mwaka 1974; lakini hata mwalimu aliye hodari hawezi kuirudisha asubuhi iliyopotea nyumbani.

Basi, wazazi, kazi hii ni ya dakika chache tu. Kabla hatujamwuliza mtoto, “Mbona hukusikia?” tujiulize sisi, “Je, leo nimelipima shimesikio lake?”