Panga la Kufyekea: Kulichagua, Kulinoa na Kulitumia

Mwezi wa Januari na wa Februari ndiyo miezi ya kufyeka katika sehemu nyingi za bara, maana masika huanza mwezi wa Machi, na kichaka kilichokatwa chahitaji majuma kadhaa ya jua kabla jembe halijaweza kupita. Mkulima wa skimu ambaye shamba lake bado lina vichaka, au aliyerithi ekari mbili tatu zilizolala bila kulimwa tangu wazee walipogawana, hana siku za kupoteza katika miezi hiyo. Akijikata mguu Februari, mbegu zake zitabaki katika gunia wakati mvua inanyesha.

Mimi nalijua jambo hili kwa mwili wangu. Mwaka wangu wa kwanza shambani, upande wa Gilgil ambako leleshwa ni tele, niliazima panga la jirani. Mpini ulikuwa ukicheza, na makali yalikuwa mviringo kama ukingo wa sufuria. Nilipiga tawi lenye umande, panga likateleza, likanipata muundi wa mguu wa kushoto. Nilikaa majuma matatu mlangoni nikitazama majirani wakipanda. Jirani hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikwisha kuona asubuhi ile ya kwamba mpini umelegea, nami nikaendelea.

Watu wengi hudhani kwamba panga kali ndilo la hatari, na kwa hiyo huliacha butu makusudi, hasa likitumiwa na vijana. Lakini panga kali huingia katika mti na kukaa humo. Panga butu huruka, na hakuna ajuaye litaangukia wapi. Tena hula nguvu mara mbili, na mtu aliyechoka hukosa shabaha.

KUNUNUA

Kwanza litazame shamba lako kabla ya kulitazama duka. Kama ni nyasi ndefu tupu, panga si chombo chake. Chukua kifyekeo, au slasha kama wengi wasemavyo. Kama ni lantana, miiba, na matawi yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono, hiyo ndiyo kazi ya panga. Kitu kinene kuliko hapo ni cha shoka, na visiki na mizizi ni ya sururu. Nimewaona watu wakipigana na shina la mgunga kwa panga kutwa nzima. Jioni panga lilikuwa na meno kama msumeno, na mti ungali umesimama.

Dukani utakuta mapanga ya inchi 16, 18, 20 na zaidi. Refu lenye bapa jembamba hufaa kwa majani na vitawi vyororo, kwa sababu hufagia mahali pakubwa kwa pigo moja. Fupi lililo pana na zito kuelekea ncha hufaa kwa mti mgumu kama leleshwa, maana uzito ule wa mbele hufanya kazi badala ya bega. Kwa mtu wa kimo cha kawaida inchi 16 au 18 zatosha. Simama wima, shika panga, uache mkono uning'inie: ncha isifike kwenye kifundo cha mguu.

Usione haya kulijaribu mbele ya mwenye duka. Funga jicho moja, utazame mgongo wake tangu mpini mpaka ncha uone kama umenyooka. Kisha weka ncha kwenye ubao, ukandamize polepole mpaka bapa lipinde kidogo, halafu uachie. Panga zuri hurudi likanyooka kabisa. Likibaki limepinda, chuma chake ni laini. Lirudishe kwenye rafu. Ligonge na kwa ufunguo. Chuma kizima hulia kama kengele ndogo, na chenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Mpini ndiyo sehemu ambayo wanunuzi hawaitazami, nayo imeumiza wengi. Chuma chapaswa kupita ndani ya mpini mpaka mwisho wake, ukione ubavuni, nacho kishikwe kwa ribiti tatu zisizochomoza. Mpini wa plastiki hauliwi na mchwa, lakini mkono wenye jasho huteleza juu yake, na ukipasuka hauna dawa. Wa mti waweza kuubadilisha mwenyewe. Mzeituni mwitu uliokauka vizuri hutoa mpini wa miaka mingi. Ulainishe kwa kigae cha chupa, usiupake rangi.

Wahunzi wetu wa jua kali hufua mapanga kwa springi za malori. Chuma cha springi ni kizuri sana, lakini uzuri wake wategemea jinsi fundi alivyokizima baada ya kukitoa motoni. Kikizimwa vibaya kitamegeka kama chupa, au kitakuwa laini kama bati. Nenda na tupa yako, uombe kuipitisha mara moja kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu kupita kiasi. Ikizama kama katika risasi, ni laini. Yafaa tupa iume, lakini kwa kazi. Fundi aliye hodari hatakukataza. Kumbuka tu kwamba panga la springi huwa zito kuliko la kiwandani, na uzito unaopendeza saa mbili asubuhi si ule ule saa sita mchana.

KUNOA

Panga jipya lina ukingo tu, makali utayatia wewe. Nunua tupa bapa ya inchi 8 au 10 siku ile ile. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, nunua panga la bei ndogo zaidi pamoja na tupa, kuliko panga la bei kubwa peke yake.

Tia tupa mpini kwanza. Ncha yake ya nyuma imetoboa viganja vingi. Laza panga juu ya benchi au gogo, makali yakitazama mbali nawe, ulikaze kwa misumari iliyokunjwa juu ya bapa lisisogee. Weka tupa kwenye makali, kisha inua upande wake ulio juu ya mgongo wa panga mpaka kidole gumba kiweze kupita katikati. Hapo ndipo pembe yake. Kwa leleshwa na miti migumu inua zaidi kidogo, makali yawe na nyama nyuma yake yasimegeke. Sukuma tupa mbele, iinue, irudishe, usukume tena. Usiikokote inaporudi, maana haikati kitu ila huua meno yake. Sogea kidogo kidogo tangu ncha kuja nyuma, na inchi 4 zilizo karibu na mpini ziache bila kunolewa. Huna haja nazo katika kufyeka, na mkono ukiteleza ndipo utakapogusa.

Utajua upande mmoja umetosha ukihisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Uhisi kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kukifuatisha na urefu wa makali. Geuza panga, ufanye upande wa pili vivyo hivyo, kisha umalize kwa kinoo chenye maji mpaka uzi ule utoke. Panga likikata jani la mahindi lililoshikwa hewani, linatosha. Kinoo ukichukue shambani ndani ya mfuko, na kila unapopumzika ulipitishe mara kumi kila upande. Tupa basi utaihitaji mara moja tu kwa siku kadhaa, isipokuwa umepiga jiwe.

Watu wengine hupeleka panga kwa mwenye mashine ya kunolea sokoni. Ni kazi ya dakika mbili, na mara nyingi huharibu chuma kwa dakika hizo hizo. Makali yakigeuka rangi ya bluu kwa joto, yamepoteza ugumu wake, na utanoa kila siku bila faida mpaka sehemu ile iishe. Mwambie achovye majini kila baada ya kupitisha mara moja, na kama hataki, chukua panga lako. Vivyo hivyo usitupe panga motoni ili kuondoa mpini wa zamani. Pasua mpini kwa patasi.

KUFYEKA

Kabla ya pigo la kwanza, zunguka kichaka kwa fimbo ndefu, ukipigapiga. Nyuki, manyigu na kifutu wote hukaa humo, na kifutu hakimbii kama nyoka wengine bali hulala tu mpaka akanyagwe. Katika skimu zilizotokana na mashamba makubwa ya walowezi, zile za Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962, kuna na adui mwingine: seng'enge ya zamani iliyomezwa na vichaka. Panga likiipiga kwa nguvu hurudi nyuma kama limesukumwa. Ukiona mstari wa nguzo zilizooza, fuata waya kwa mkono mpaka mwisho wake, uitoe kwanza.

Vaa buti za mpira na suruali nzito. Ngoja umande ukauke. Wanaofyeka pamoja wawe mbali hatua 5 au zaidi, tena wasielekeane.

Mkono wa kushoto usishike kamwe tawi linalokatwa. Kata fito lenye kulabu, urefu wa mkono, ulitumie kuvuta matawi na kuyakaza. Nami nasema wazi kwamba fito hilo lisilogharimu senti limeokoa vidole vingi kuliko glovu zote za dukani. Panua miguu. Piga kwa mshazari, kutoka juu kushuka chini, na pigo limalizikie nje ya mwili wako, kusiwe na mguu mbele yake. Pigo la kulalia, sambamba na ardhi, huteleza juu ya gamba. Tawi lililopindwa na uzito wa mengine litakapokatika litaruka, basi usisimame upande litakakorukia. Mti wa unene wa kifundo cha mkono haukatiki kwa pigo moja: piga kwa mshazari wa juu, kisha wa chini, utoe kipande cha katikati, na hivyo mpaka uishe.

Kata chini kabisa, karibu na udongo. Kisiki cha shubiri moja kilichokatwa kwa mshazari ni mkuki, nacho hutoboa kwato za ng'ombe na nyayo za watoto. Ukipumzika, usilaze panga majanini. Lipigilie katika kisiki, na ufunge kitambaa chekundu mpinini. Ukimpa mwenzako, liweke chini aliokote mwenyewe.

Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, uinue mguu au mkono juu, uende kliniki. Usitie majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Jeraha dogo pia lioshwe kwa maji safi na sabuni, na umwulize muuguzi habari ya sindano ya pepopunda, kwa kuwa ugonjwa huo huingia kwa vidonda vyenye udongo, na ukishaanza ni mgumu kuuponya. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa panga wala wembe. Atulizwe, abebwe upesi hospitalini.

VISIKI NA MATAKATAKA

Usifyeke kila kitu. Zunguka na kamba au chokaa, utie alama mitarakwa michanga, mizeituni mwitu na migunga utakayoiacha kuwa kivuli na nguzo za kesho. Kanuni ya mwaka 2009 yataka mkulima awe na miti katika sehemu ya kumi ya shamba lake, na ni rahisi kuacha mti uliopo kuliko kuotesha mwingine. Kando ya mto usifike majini: kanuni za maji zataka ukanda uachwe, si chini ya mita 6, na mto ukiwa mpana zaidi ukanda nao huongezeka.

Matawi yaliyokatwa usiyachome yote. Mahali penye mteremko yalaze katika mistari inayokata mteremko kwa kufuata kontua, nayo yatazuia udongo mvua ya kwanza itakaposhuka. Lantana iweke mahali ng'ombe hawafiki, maana majani yake ni sumu kwao.

Lantana na leleshwa hazifi kwa kukatwa. Mwezi wa Aprili visiki vitatoa machipukizi, na hapo udongo umelowa, sururu inaingia bila taabu: ng'oa mizizi ya karibu na njia na ya katikati ya shamba kwanza. Kwa yale yatakayobaki, rudi na panga machipukizi yakifika magotini, na tena baada ya miezi miwili, ukikata yangali mororo. Kazi hiyo haizidi asubuhi mbili kwa ekari, kama makali yapo.