Methali Mkutanoni na Katika Barua

Methali tulizijua hata kabla ya kushika kalamu. Mzee mmoja akianza, "Haba na haba," wenzake huitikia, "Hujaza kibaba." Wala hahitaji kumaliza mwenyewe.

Basi leo tuangalie methali inafanya kazi gani pale inaposemwa. Tuchukue mfano wa mkutano wa kijiji. Mama mmoja anasimama, anauliza: "Ndugu Mwenyekiti, michango ya kisima imefikia shilingi ngapi?" Mweka hazina anajibu: "Mama, haraka haraka haina baraka." Watu wanacheka, mama anakaa chini.

Je, amejibiwa? Hata kidogo. Methali yenyewe ni ya kweli, lakini mama hakuuliza habari za haraka, aliuliza habari za fedha. Sasa katibu akiandika jibu hilo katika muhtasari wa mkutano, wale waliokuwa shambani watalisoma bila kusikia kicheko. Watatafuta hesabu, hawataiona. Kwa hiyo mama ana haki ya kusimama tena na kusema: "Methali tumeisikia, sasa tunaomba hesabu." Huo si utovu wa adabu, hata kama aliyejibu ni mtu mzima.

Katika barua nako kuna shida ya namna hiyo, maana msomaji haoni uso wako. Ukimwandikia mdogo wako aliyeko mjini, "Mtupa jongoo hutupa na mti wake," basi, usiongeze neno, atakaa na wasiwasi: nimefukuzwa nyumbani, au vipi? Afadhali aanze kulisoma jambo lenyewe: "Mama anaumwa miguu tangu mwezi uliopita. Tunaomba utusaidie fedha za dawa." Hapo ukiongeza, "Kidole kimoja hakivunji chawa," ataelewa mara moja.

Mwalimu Nyerere alitumia njia hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962. Alieleza kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, akaitia nguvu hoja hiyo kwa ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

ZOEZI: Mweka hazina wa mfano wetu ameombwa ajibu kwa maandishi. Mwandikie jibu la mistari mitano. Taja fedha zilizopokelewa, zilizotumika na zilizobaki. Kisha tafuta methali moja inayofaa, kama ipo.