Laini Isiyo na Kadi: Msamiati wa Data Ugenini katika Kiswahili cha Nairobi

Utangulizi

Katika vibanda vya Kangemi na Kawangware, na katika maduka ya simu ya barabara ya Luthuli katikati ya jiji la Nairobi, mteja huomba "laini". Neno hili la mkopo limekita mizizi katika mazungumzo ya kila siku. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba laini ni neno lililo tayari kuipokea teknolojia ya eSIM, ambayo imeiondoa kadi yenyewe. Hata hivyo, lisipofafanuliwa vyema katika maelekezo, neno hilo hilo huweza kumgharimu msafiri.

Teknolojia yenyewe

Kadi ya kwanza ya SIM ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Ujerumani kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Ufini. Ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, kisha ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi kutoshea kwenye ncha ya kidole. Mwaka 2016 shirika la GSMA lilitoa viwango vya eSIM kwa simu za kawaida. Na mwaka 2022 Apple ilianza kuuza Marekani simu za iPhone 14 zisizo na nafasi ya kutilia kadi.

Herufi ya kwanza ya eSIM haimaanishi "kielektroniki", kama wengi wanavyodhani, bali "iliyopachikwa". Kinachopachikwa kiwandani ni chipu. Laini hupakuliwa baadaye kupitia intaneti, aghalabu kwa kuelekeza kamera kwenye msimbo wa QR. Hivyo basi, msafiri anayetoka Nairobi kwenda Muscat au London anaweza kununua kifurushi cha data cha huko aendako kabla ya kupanda ndege, na simu yake ikawa na laini mbili: ya nyumbani na ya safari.

Wazo la laini kuvuka mpaka si geni Afrika Mashariki. Mnamo Septemba 2006 kampuni ya Celtel ilizindua huduma ya One Network, iliyowawezesha wateja wa Kenya, Uganda na Tanzania kutumia laini zao katika nchi zote tatu bila ada za ugenini. Wakati ule laini ya nyumbani ndiyo iliyosafiri. eSIM ya safari hugeuza mambo, kwani laini ya ugenini humfuata msafiri nyumbani kwake.

Maana tatu za laini

Tuzingatie sentensi hizi:
(a) Laini yangu imevunjika, nahitaji nyingine.
(b) Nitumie pesa kwa laini ile nyingine.
(c) Laini ilikatika tukizungumza.

Katika (a) laini ni kadi, katika (b) ni namba, na katika (c) ni muunganisho. eSIM imeifuta maana ya kwanza pekee. Maneno "simkadi" na "kadi ya simu" yameachwa yakitaja kitu kisichoonekana, ilhali laini haijayumba. Historia inajirudia hapa: neno simu asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya. Waya uliondoka, neno likabaki.

Jaribio la kuitohoa eSIM kwa kufuata matamshi nalo linakumbana na kikwazo ambacho hakuna mwanafunzi wa Kiswahili atakayekosa kukiona: tunaishia na neno "isimu"! Yamkini "laini pepe", kwa mfano wa barua pepe, ni pendekezo bora zaidi, maadamu laini hiyo humfikia mtumiaji bila kushikika.

Utata na gharama yake

Linganisha maelekezo yafuatayo kwa msafiri:
(d) Zima laini ya nyumbani.
(e) Zima data ya laini ya nyumbani.
(f) Futa laini ya nyumbani.

Anayefuata (d) hatapokea ujumbe wa benki wenye namba ya siri ya kuthibitisha malipo, na huduma ya M-Pesa inayoitegemea laini hiyo itamkatikia. Anayefuata (f), ikiwa laini yake ni pepe, hulazimika kuomba nyingine, kwani misimbo mingi hutumika mara moja tu. Elekezo linalofaa ni (e): laini ya nyumbani hubaki ikipokea ujumbe, nayo data hupitia laini ya safari.

Utata mwingine unahusu dhana ya kutumia mtandao usio wako. Tafsiri ya "uzururaji" ina kasoro ya kimaana, kwa kuwa kuzurura ni kutembea ovyo bila shughuli. Nchini Kenya lilikuwa kosa la jinai hadi sheria yake ilipofutwa mwaka 1997. "Data ugenini" inafaa zaidi. Shabiki yeyote wa kandanda anaelewa tofauti ya nyumbani na ugenini bila kufunzwa. Isitoshe, laini ya safari mara nyingi ni mali ya kampuni ya nchi ya tatu, hivyo nayo ni mgeni hata huko iendako. Basi "washa data ugenini" ni elekezo pungufu: lisipotaja laini ya safari, msafiri anaweza kuiwasha ya nyumbani na salio likaisha kabla hajatoka uwanja wa ndege.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba wazungumzaji wa Nairobi walitaja muunganisho pale wengine walipotaja kadi, na kwa hiyo neno lao limedumu. Kazi iliyosalia ni ya wanaistilahi na watafsiri: kulipa neno laini vivumishi na vitenzi vinavyolitosheleza. Kuzima, kuzima data na kufuta si visawe.

Zoezi

Andika maelekezo yasiyozidi sentensi sita kwa mzazi anayesafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza akiwa na laini mbili. Kila utajapo laini, bainisha ni ipi.