Kaka anataka kuacha gongo

SWALI: Daktari, kaka yangu, huku Ubena Zomozi, huamka alfajiri kutafuta gongo. Mikono inamtetemeka, kikombe cha chai kinamshinda. Sasa anataka kuacha. Mikutano ya watu kama yeye tutaipata wapi?

JIBU: Mwanangu, kwanza hospitali. Mtetemeko huo unaonyesha mwili umeshazoea pombe. Akiikata ghafla, ndani ya siku 2 anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na watu hufa hivyo. Nakusihi, msimfungie chumbani eti ajikaze.

Akitulia, kaulizeni soba hausi, nyumba za wanaoacha ulevi, za Bagamoyo. Zinajulikana zaidi kwa vijana wa unga, kwa hiyo waulize wazi kama wanapokea mlevi wa pombe. Nyingi hufuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha, iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, walevi wawili walipokutana na kuzungumza. Mkutano wa jumuiya hiyo hauna ada. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, akitaka anyamaze asikilize.

Nauli ikiwa ngumu, mtafute mtu yeyote hapo kijijini aliyeacha. Wakae wawili barazani, kila jioni, saa ile ile aliyokuwa akienda kilabuni.