Nani Anamjua Nani? Mahusiano ya Kikazi Katika Mitandao

Kijana wa Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, akimaliza masomo na kutafuta kazi, siku hizi hushauriwa afungue ukurasa katika LinkedIn, mtandao wa kikazi uliofunguliwa kwa umma mwaka 2003. Huambiwa aandike elimu na ujuzi wake, kisha akusanye watu wengi kadiri awezavyo. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila sehemu ile ya mwisho ina kasoro, na kasoro hiyo yaweza kumpotezea kijana muda mwingi.

Kwa mtaalamu wa hisabati, mtandao wa watu ni vitone na mistari. Kila mtu ni kitone, na kila uhusiano baina ya watu wawili ni mstari. Darasa la wanafunzi 40 laweza kuwa na mistari 780, yaani 40 × 39 ÷ 2. Katika maisha, hata hivyo, mistari yote haichorwi kamwe. Watu hujikusanya mafungu mafungu, kwa kuwa rafiki wa rafiki yangu aghalabu huwa rafiki yangu pia.

Je, tabia hii imeletwa na kompyuta? Jibu moja lilipatikana katika nchi hiyo hiyo ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Coren Apicella na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi juu ya Wahadzabe, watu waishio kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watu wazima 205 katika kambi 17 waliulizwa wangependa kukaa na nani kambi itakapohama. Tena kila mmoja alipewa mirija mitatu ya asali achague wa kumpa. Michoro iliyopatikana ilifanana sana na ile ya jamii zenye viwanda na simu: wachache walitajwa na wengi, aliyechagua mara nyingi naye alichaguliwa, na wakarimu walielekea kuungana na wakarimu wenzao. Kwa hiyo mashine haikubuni mtandao wa watu, iliukuta.

Sasa tuitazame kazi. Mwaka 1973 Mark Granovetter wa Marekani alieleza jambo lililowashangaza wengi. Aliwauliza watu waliopata kazi mpya kwa kuambiwa na mtu: je, mtu huyo mlikuwa mkionana naye mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara chache, na 27.8 walisema kwa nadra kabisa. Sababu yake si ngumu. Rafiki yako wa karibu anasikia habari zile zile unazozisikia wewe, maana mnakaa na watu wale wale. Mtu mnayefahamiana kwa mbali huleta habari kutoka fungu jingine.

LinkedIn wenyewe ulipimwa kwa njia hiyo. Matokeo ya majaribio ya miaka mitano, yaliyohusu watu zaidi ya milioni 20, yalitolewa katika jarida la Science mwaka 2022. Yalionyesha kwamba wafaao zaidi si marafiki wa damu, wala si wageni kabisa, bali wale walio katikati: mnafahamiana kidogo, na mnao watu kadhaa mnaowajua nyote wawili. Kijana anayekusanya majina 3,000 ya watu asiowajua hata kidogo hana mengi ya kutarajia kwao. (Watu hao milioni 20 hawakuarifiwa kwamba wamo majaribioni. Mhadzabe aliulizwa ana kwa ana, na asali akapewa.)

Majaribio hayo yaliwezekana kwa sababu ni mashine inayompendekezea mtu nani wa kuungana naye. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ataielewa hali hiyo upesi. Baina ya shamba lake na soko la Arusha au Nairobi husimama dalali, ambaye nguvu yake yote ni kuzijua pande mbili zisizojuana. Mkulima mwenye mtu wake mmoja sokoni, wa kumwuliza bei kwa simu, hajadiliani na dalali kama asiye naye. Mtandao wa kikazi nao ni dalali: humfikisha kijana mbali, na papo hapo huamua nani amwone na nani asimwone.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kipindi kimoja. Kila mwanafunzi aandike katika karatasi wenzake watatu ambao angependa kusoma nao, na chini yake aandike kazi, si jina, ya mtu mzima mmoja anayeishi nje ya kata ambaye angeweza kumwomba habari. Karatasi zikusanywe, mwalimu achore vitone na mistari ubaoni kwa namba badala ya majina, kwani patakuwa na kitone kisichofikiwa na mstari wowote, na mwenyewe amekaa humo darasani. Kisha darasa lihesabu ni mistari mingapi inayotoka nje ya kata, na inatoka kwa akina nani.