Bango la vidakuzi peke yake si ridhaa

Mwenye kampuni ndogo ya utalii mjini Arusha, anayeuza safari za Kilimanjaro kwa Wajerumani, ana duka moja tu ambalo wateja hao wanaliona kabla ya kulipa: tovuti yake. Mgeni akiingia humo, kabla hata hajauliza bei, huenda ameshahesabiwa na kupewa namba ya kumtambua. Kazi hiyo hufanywa na vidakuzi, au kuki kama wengi wanavyoviita, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha katika simu au kompyuta ya mgeni.

Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape. Vile vinavyokumbuka kilichomo kikapuni mwa mteja haviombi ruhusa. Utata uko kwenye vile vya matangazo na takwimu. Ulaya ilibadili kanuni zake mwaka 2009 ikataka mgeni aridhie kwanza. Kisha sheria ya GDPR, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, ikakaza masharti ya ridhaa na kumgusa hata mfanyabiashara wa nje anayewalenga watu walioko Ulaya. Aliyeandika bei kwa euro na kurasa kwa Kijerumani hawezi kusema hayamhusu.

Wengi wamejibu kwa kubandika bango: "Tunatumia vidakuzi", na kitufe kimoja cha "Sawa". Fundi kalipwa, mambo yakaachwa hapo. Hata hivyo, Oktoba 1, 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Planet49, iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa. Mwishoni mwa 2021 mdhibiti wa Ufaransa, CNIL, aliitoza Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60 kwa sababu kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali.

Hao ni vigogo, na hatuna nia ya kumtisha mwenye magari mawili ya watalii. Hasara yake yaweza kuingia kwa mlango mwingine. Tangu Machi 2024 Google inawataka wanaotangaza kwa wateja wa Ulaya wapeleke ishara ya ridhaa ya mgeni. Isipopelekwa, matangazo ya kumrudia mgeni aliyewahi kufika na upimaji wa mauzo hudhoofika. Fedha ya matangazo inapungua nguvu bila barua yoyote ya mwanasheria.

Jikague mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Fungua tovuti yako katika dirisha la faragha la kivinjari na usibonyeze kitufe chochote. Kisha fungua zana za wasanidi za kivinjari, utazame orodha ya vidakuzi. Ukiona _ga, hicho ni cha takwimu za Google. _fbp ni cha matangazo ya Facebook. Vikiwemo kabla hujajibu, bango lako ni pambo. Bonyeza "Kataa" utazame tena. Kama "Kataa" haipo, au imefichwa nyuma ya "Mipangilio", umeshajua pa kuanzia.

Dawa ya bei nafuu ni kuondoa. Tovuti nyingi ndogo zina kihesabu wageni ambacho hakuna anayekisoma, kilichoachwa na fundi wa kwanza. Kikitoka, swali la ridhaa yake linatoka nacho. Vinavyobaki vya matangazo visubiri jibu, na vitufe viwili vya kukubali na kukataa vilingane kwa ukubwa na rangi.

Tusifichane: baadhi ya wageni watakataa, na takwimu zako zitashuka ingawa wateja ni wale wale. Usikimbilie kusema soko limeanguka. Linganisha na barua za kuomba nafasi, na umuulize kila mteja amekufahamu kupitia wapi.

Kwa hapa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume inayoisimamia. Fomu ya kuomba nafasi ya safari, yenye jina na namba ya pasipoti, ni ukusanyaji wa aina hiyo, hata kama tovuti haina kidakuzi kimoja.

Mwambie fundi pia aweke chini ya kila ukurasa kiungo cha kubadili jibu, kwani aliyekubali Jumatatu ana haki ya kukataa Jumanne.