Pumzi ya Kwanza ya Mtoto Mchanga

Hili ni somo la dakika moja tu ya maisha ya mtu, yaani dakika ile ya kwanza baada ya kuzaliwa. Watoto walio wengi hulia wenyewe mara watokapo. Lakini katika kila watoto 100, wapata 10 au zaidi kidogo hawaanzi kupumua vema mpaka wasaidiwe, na wengi wa hao huamka kwa kukaushwa na kusuguliwa tu. Wachache ndio wahitajio kupulizwa hewa.

Vijijini twasikia mara nyingi, “Mtoto alizaliwa mfu.” Pengine ni kweli. Lakini pengine moyo wake ulikuwa ukipiga, ila amelegea, hana sauti, rangi yake imegeuka. Akawekwa kando juu ya kitambaa, na watu wote wakamshughulikia mama. Mwaka 2010 madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na wenzao walianzisha mafundisho ya kuwasaidia watoto kupumua, na mwaka 2013 ikatangazwa habari ya hospitali 8 za Tanzania zilizoyapokea. Vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa 47 katika mia. Tena hesabu ya watoto walioandikwa kwamba wamezaliwa wafu, hali miili yao haijaharibika, ilipungua kwa 24 katika mia. Hesabu hii ya pili yatushtua zaidi. Mfuko wa hewa haufufui mfu. Basi twaona kwamba baadhi ya wale wa zamani walikuwa hai.

Kazi yenyewe si ya vyombo vingi. Mtoto akaushwe upesi kwa kitambaa kikavu, kilicholowa kiondolewe, naye afunikwe kingine apate joto. Akilia, alazwe kifuani pa mama, na kitovu kisikatwe kwa haraka. Dakika moja hata tatu zafaa. Asipolia, kinywa na pua vifutwe ikiwa vimezibwa na ute, na mgongo usuguliwe kwa upole. Asipigwe makofi, asining'inizwe kichwa chini, wala asimwagiwe maji baridi. Asipopumua bado, mkunga aliyefundishwa huinua kidevu kidogo, hufunika kinywa na pua kwa kifuniko cha mfuko, na kupuliza yapata mara 40 kwa dakika, akiangalia kifua kama chainuka. Kisipoinuka, hewa haiingii. Auweke upya kichwa na kifuniko. Watoto wengi hutoshewa na hewa hii hii tuivutayo sisi.

Haya yote yaanze kabla dakika moja haijaisha. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, nchi ya Mbulu, wapelelezi walipima nyakati hizo kwa saa, wakaona kwamba kila nukta 30 za kukawia kupuliza zaongeza hatari ya kufa kwa 16 katika mia.

Hospitali hiyo yatufundisha na jambo jingine, nalo makatekista watalitambua upesi, maana nani asiyejua wanafunzi wajibuo vizuri siku ya mtihani tu? Wakunga walifundishwa siku moja. Walipojaribiwa kwa mwanasesere walifanya vizuri kuliko kwanza. Lakini chumbani mwa kuzalia, mbele ya mtoto hasa, kazi yao haikubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi mafupi, ya mara kwa mara, papo hapo kazini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hata 7.2 katika kila watoto 1,000, kama ilivyotangazwa mwaka 2015. Mafundisho ni yale yale. Kilichozidi ni mazoezi.

Kwa hiyo wazee wa usharika wanaposaidia zahanati, wasiulize tu kama mfuko upo. Waulize uko wapi: kando ya kitanda cha kuzalia, au kabatini na ufunguo umechukuliwa na mtu aliyekwenda mjini? Waulize pia ni lini ulifanyiwa mazoezi mara ya mwisho. Nao akina mama wahimizwe kwenda kuzalia palipo na mkunga mwenye ujuzi. Uchungu ukimpata mama njiani, au usiku mvua ikinyesha, wanawake walio naye wawe na vitambaa viwili vikavu tayari, kimoja cha kukaushia na kimoja cha kufunikia, na mmoja wao asiwe na kazi nyingine ila kumwangalia mtoto.